Namna ya Kupanga Bei ya Jamu ya Nanasi Inayouzwa Kwenye Genge la Barabarani

Msafiri anayetoka Bagamoyo kwenda Msata hawezi kupita Kiwangwa bila kuyaona mananasi. Yamepangwa mafungu mafungu juu ya meza za mbao kando ya lami, na wenye magari wanaposimama kuyanunua, macho yao hutembea pia kwenye vitu vingine vilivyopo mezani. Hapo ndipo mpishi wa jamu wa nyumbani anapoweza kuweka chupa zake bila kulipa kodi ya fremu wala kusafiri hadi Dar es Salaam kutafuta wateja. Kupika jamu watu wengi wanakuweza. Kazi huanza mteja anapoishika chupa, akaigeuza, akauliza: “Hii shilingi ngapi?”

Wengi hujibu swali hilo kwa kutazama jirani anauzaje, au kwa kukumbuka bei ya jamu ya kiwandani dukani kisha kupunguza kidogo. Njia zote mbili zina hatari. Jirani huenda anauza kwa hasara bila kujua, na kiwanda hununua chupa na sukari kwa wingi ambao mpishi wa sufuria moja hawezi kuufikia. Liko pia kosa la tatu, ambalo limewaumiza watu wa maeneo ya mananasi kuliko mengine: kudhani kwamba kwa kuwa nanasi ni rahisi, jamu nayo lazima iwe rahisi. Hesabu ikifanywa kwa utaratibu, mtu hugundua kwamba nanasi ni sehemu ndogo sana ya gharama ya chupa ile, na kwamba fedha yake nyingi imo katika kioo, kifuniko na sukari.

Gharama za mkupuo mmoja

Hesabu ifanywe kwa mkupuo mmoja wa kupika, tangu matunda yanaponunuliwa hadi chupa zinapofika gengeni, na kila kitu kiandikwe siku ileile, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Bei nitakazozitaja hapa ni za mfano wa kuonyesha njia tu. Msomaji aziondoe na kuweka zile anazozikuta sokoni kwake, lakini asiruke hatua yoyote.

Tuseme umechukua mananasi 8 yenye uzito wa kilo moja na nusu kila moja, yaani kilo 12 kwa jumla. Ukishaondoa shada la majani, maganda, macho na ule moyo mgumu wa katikati, utabakiwa na karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 6 za nyama. Mananasi madogo yanayokataliwa na walanguzi hununuliwa kwa bei ya chini zaidi, lakini yana ganda jingi kwa kulinganisha na nyama, kwa hiyo yapimwe baada ya kumenywa ndipo ijulikane kama kweli yana nafuu. Yaliyopondeka upande mmoja hufaa mradi sehemu iliyoharibika ikatwe yote. Yaliyokwisha kuchacha yaachwe, hata yakitolewa bure.

Kilo 6 za nyama ya nanasi zikipikwa na kilo 5 za sukari hutoa takriban kilo 8 na nusu za jamu. Kipimo hicho kina sababu yake. Jamu inayokaa muda mrefu bila kuota ukungu huwa na sukari inayokaribia gramu 65 katika kila gramu 100, ukihesabu sukari uliyotia pamoja na ile ya tunda lenyewe, na maji yaliyozidi hupotea kwa mvuke. Katika ukanda wa pwani, ambako ardhi iko karibu na usawa wa bahari, kiwango hicho hufikiwa jamu inapochemka kwenye nyuzi 104 hadi 105 za Selsiasi. Nayasema haya katika mwongozo wa bei kwa makusudi. Mtu akiipua sufuria mapema atapata chupa mbili au tatu zaidi, na hesabu yake itapendeza siku hiyo. Wiki chache baadaye chupa zitarudishwa zikiwa na ukungu, na mteja aliyerudisha hatanunua tena. Vivyo hivyo anayepunguza sukari ili kubana matumizi. Nanasi lenyewe lina kidogo pektini, yaani kile kitu cha asili ndani ya tunda kinachoigandisha jamu, kwa hiyo maji ya ndimu nayo yanahitajika ili jamu ishike vizuri, na gharama yake iandikwe.

Sasa tuandike. Mananasi 8 kwa shilingi 700 kila moja ni 5,600. Sukari kilo 5 kwa 3,000 ni 15,000. Ndimu ni 1,000, mkaa au gesi 3,500, maji na sabuni 1,000. Kilo 8 na nusu zinajaza chupa 28 za gramu 300, na chupa pamoja na kifuniko kwa 900 ni 25,200. Lebo kwa 150 kila moja ni 4,200. Bodaboda ya kuleta chupa tupu na kupeleka zilizojaa gengeni ni 4,000. Mpaka hapo tumefika 59,500, na wengi huishia hapo.

Msomaji aitazame vizuri orodha hiyo kabla hatujaendelea. Mananasi yote manane hayafikii hata robo ya fedha iliyokwenda kwenye chupa na vifuniko. Maana yake ni kwamba msimu unapopamba moto na nanasi likauzwa kwa 400 badala ya 700, gharama ya chupa moja ya jamu hushuka kwa chini ya shilingi 100. Anayekuja kukuambia, “Mama, mananasi yamejaa kila mahali, mbona jamu hujashusha?” anazungumzia kitu kidogo mno katika hesabu yako, na humkosei kwa kubaki na bei ileile.

Kama mananasi yanatoka katika shamba lako, yaandike kwa bei ambayo ungeyauza palepale shambani. Ukiyahesabu kuwa bure, jamu itaonekana ina faida ambayo kwa kweli ni ya shamba, na siku ukilazimika kununua matunda ya mwenzio utashangaa faida imekwenda wapi.

Mikono na vyombo

Kumenya mananasi 8, kuyakatakata, kukoroga, kuchemsha chupa, kujaza na kubandika lebo ni kazi ya siku nzima kwa mtu mmoja na nusu siku kwa msaidizi. Andika ujira wa kibarua wa eneo lako. Katika mfano huu nimeweka 10,000 kwa mpishi na 5,000 kwa msaidizi, hata kama msaidizi huyo ni binti yako na hakudai chochote. Kuna watu huona haya kujilipa, wakisema kwamba faida ndiyo mshahara wao. Mimi sikubaliani nao. Ujira ni malipo ya kazi iliyofanyika, ilhali faida ni fedha ya kukuza mtaji na kuziba hasara, na mtu anayevichanganya hivyo viwili hujikuta mwaka wa pili bado anapika kwa sufuria ileile ya kuazima.

Sufuria kubwa, mizani, kipimajoto, jiko na ndoo navyo vinachakaa. Ikiwa vyombo vyote vimegharimu 350,000 na unatarajia vitadumu kwa mikupuo 100, basi kila mkupuo ubebe 3,500. Jumla sasa ni 78,000.

Hatua inayofuata ni kugawanya jumla hiyo, na hapa pana mtego. Umejaza chupa 28, lakini hutauza 28. Moja itafunguliwa gengeni ili wateja waonje, na moja itapasuka njiani au kifuniko chake hakitabana. Gawanya kwa chupa zitakazouzwa, yaani 26, na jibu ni shilingi 3,000 kwa chupa. Ukigawanya kwa 28 utapata karibu 2,790, na utakuwa umejidanganya kwa zaidi ya shilingi 200 katika kila chupa kabla hujaanza kuuza. Mpishi anayeanza aweke idadi kubwa zaidi ya chupa za kupotea, kisha airekebishe daftari litakapomwonyesha hali halisi.

Fungu la mwenye genge

Kwa kuwa jamu inauzwa na mtu mwingine, bei lazima ibebe pia fungu lake. Makubaliano ya kawaida ni asilimia fulani ya kila chupa iliyouzwa. Tuchukue asilimia 20. Wewe mwenyewe unataka faida ya shilingi 600 kwa chupa, kwa hiyo mkononi mwako lazima zifike 3,600.

Wapishi wengi huchukua 3,600, wakaongeza asilimia 20 yake, wakapata 4,320, wakaridhika. Lakini mwenye genge hakati asilimia 20 ya 3,600. Anakata asilimia 20 ya fedha aliyopokea kwa mteja. Asilimia 20 ya 4,320 ni 864, na kinachokufikia wewe ni 3,456. Shilingi 144 zimepotea katika kila chupa bila mtu yeyote kukuibia. Njia sahihi ni kugawanya: ikiwa mwenye genge anachukua 20 katika kila 100, wewe unabakiwa na 80, kwa hiyo gawanya 3,600 kwa 0.8 upate 4,500. Hakiki mwenyewe: asilimia 20 ya 4,500 ni 900, na zinazobaki ni 3,600 kamili. Kama fungu lake ni asilimia 15, gawanya kwa 0.85, kama ni 25, gawanya kwa 0.75. Kalkuleta ya simu inatosha.

Bei ya kutamka na bei ya mwisho

Kwenye genge la barabarani watu hupatana. Kibao kinachosema bei haipungui huwafukuza baadhi ya wateja, hasa madereva wa malori na abiria wanaofurahia kupunguziwa hata kama ni kidogo. Kwa hiyo 4,500 tuliyoipata iwe bei ya mwisho, na bei ya kutamka iwe 5,000. Hiyo 5,000 ina sifa nyingine nzuri: ni noti moja, na mwenye genge hahangaiki kutafuta chenji huku gari likiwa limesimama pembeni na injini inaunguruma.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. Mteja anasema, “Dada, punguza basi, nichukue na mananasi.” Mwenye genge anajibu, “Haya kaka, kwa kuwa unachukua na fungu la mananasi, jamu nikufanyie elfu nne na mia tano.” Mteja ameondoka na nafuu yake, mwenye genge ameuza vitu viwili, na wewe umepata 3,600 zako. Akiuza kwa 5,000 bila kuulizwa, fungu lake ni 1,000 na lako ni 4,000. Lakini akishuka hadi 4,000, wewe unapata 3,200 na faida yako ni shilingi 200 tu. Ndiyo maana bei ya mwisho lazima ijulikane kwake kabla hajapokea chupa hata moja, na mkubaliane kwamba akishuka chini ya hapo tofauti inatoka katika fungu lake.

Wapo pia wageni wanaotoka kutembelea magofu ya Kaole au mji mkongwe wa Bagamoyo, na kuna wauzaji wanaowatajia bei mara mbili kwa sababu ya sura au lafudhi. Naliona jambo hilo kuwa la kujiharibia. Dereva aliyemleta mgeni ni mteja wa kila wiki, anasikia bei zote mbili, na neno lake hufika mbali kuliko kibao chochote. Andikeni 5,000 kwenye karatasi, ibandikwe mbele ya chupa, na kila mtu aanzie hapo.

Anayelipa kwa simu asilipishwe zaidi. Makato ya kutoa fedha yahesabiwe mapema katika gharama, pamoja na usafiri, au mkubaliane kwamba mwenye genge atakutumia fungu lako mara moja kwa wiki badala ya kutuma kidogo kidogo na kukatwa kila mara.

Mali kauli

Mara nyingi chupa zinaachwa kwa mali kauli: mwenye genge halipi kitu mpaka auze. Utaratibu huu unamfaa anayeanza, lakini una gharama ambayo haionekani, kwa kuwa mtaji wako unakaa mezani kwa mtu huku muuza chupa na muuza sukari wakidai taslimu. Anza na chupa 10 au 12 tu. Pitia gengeni siku ile ile ya kila wiki, mhesabu pamoja zilizobaki, muandike katika madaftari yote mawili, na fedha ya zilizouzwa ikabidhiwe palepale. Elezaneni mapema nani anabeba chupa inayovunjwa na mteja, na nani anabeba inayopotea usiku.

Kama mwenye genge yuko tayari kununua moja kwa moja kwa fedha taslimu, anastahili bei ya jumla, kwa sababu anakuondolea hatari yote. Katika mfano wetu, 3,500 kwa chupa kuanzia chupa 12 ni bei ya haki, na baada ya hapo anaweza kuuza apendavyo. Chini ya 3,300 mimi nisingeshuka.

Kaa pia utazame meza yenyewe. Jua la alasiri likizipiga chupa, jamu ya nanasi hubadilika kutoka rangi ya dhahabu ikawa kahawia, na hapo hakuna mteja atakayeigusa hata kwa 3,000. Chupa zikae upande wa kivuli, na chache tu ziwekwe mbele.

Chupa ndogo na wanunuzi wa jumla

Mteja asiyetaka kutoa 5,000 huuliza kama kuna ndogo. Chupa ya gramu 150 haiwezi kuuzwa kwa nusu ya bei ya kubwa. Jamu iliyomo ndani, pamoja na kazi na moto wake, inagharimu karibu 940 kwa hesabu yetu, lakini chupa ndogo yenyewe labda ni 700, na lebo ni ileile ya 150. Gharama inakaribia 1,800. Ukiiuza kwa 2,500, fungu lako baada ya mwenye genge ni 2,000 na umebaki na shilingi 200 hivi. Ukiiuza kwa 3,000 unapata 2,400, na hapo ndipo kazi ya kujaza na kufunga chupa mara mbili inapolipika.

Hoteli na migahawa ya Bagamoyo ni habari tofauti, kwa sababu wao hawahitaji chupa nzuri. Ukiwauzia katika ndoo safi ya chakula yenye mfuniko, gharama ya jamu pekee ni kama 6,200 kwa kilo, na 8,000 kwa kilo bado inakuachia faida. Uliza tu wanalipa lini, maana malipo ya baada ya mwezi mmoja hayamsaidii mwenye mtaji wa sukari kilo 5.

Sukari inapopanda

Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika nchini na kupanda kiasi kwamba Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi. Aliyekuwa amezoea 3,000 na akakuta 4,500 kwa kilo aliongezewa gharama ya karibu 290 katika kila chupa ya mfano wetu, yaani nusu ya faida yake. Mtu wa daftari huliona hilo siku hiyohiyo anaponunua. Mwezi wa Ramadhani nao, pwani yote hununua sukari na matunda kwa wingi, kwa hiyo ni busara kununua akiba ya sukari kabla.

Hata hivyo bei ya gengeni isibadilishwe kila wiki. Ongezeko dogo libebwe na ile nafasi iliyopo kati ya 4,500 na 5,000. Gharama ikipanda na kubaki juu kwa mikupuo miwili mfululizo, panga bei mpya, lakini ianze na mzigo mpya. Chupa za zamani ziishe kwa bei ya zamani, vinginevyo wateja wataona chupa mbili zinazofanana zenye bei mbili na mwenye genge atakosa la kuwaambia.

Lebo na vibali

Lebo itaje jina la bidhaa, viungo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na mahali ilipotengenezwa. Gramu 300 ziwe gramu 300 za jamu, bila uzito wa chupa. Pima kila chupa kwenye mizani. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mjasiriamali mdogo hushauriwa kuanzia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ambalo hutoa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho. Gharama zozote za vibali, vipimo na safari za ofisini zijumlishwe kwa mwaka, zigawanywe kwa chupa unazotarajia kuuza mwaka huo, na kiasi kinachopatikana kiingie katika ile 3,000. Chupa yenye nembo ya ubora huweza kutamkwa 6,000 mahali ambapo isiyo nayo inabishaniwa kwa 5,000, hasa kwa wanunuzi wa mjini.

Chupa zikibaki gengeni kwa muda mrefu, ziondoe kabla mwisho wa matumizi haujakaribia sana. Ikiwa bado zina miezi miwili au zaidi, ziuzwe mbili kwa 8,000, na mwenye genge awaambie wateja wazi kwamba ni za mzigo wa zamani. Wewe utapata 3,200 kwa kila moja, gharama zako zitakuwa zimerudi, na mkupuo unaofuata upunguzwe hadi mananasi 6 mpaka kasi ya mauzo irejee.